Usinunue sanduku kabla ya kuona bweni

JANUARI inapobisha hodi, kelele za nyundo katika soko la jua kali la Kamukunji, jijini Nairobi, huzidi zile za miezi mingine. Mafundi hukata bati, hulikunja, hulipiga misumari na kulipaka rangi. Masanduku hupangwa kando ya njia hadi mpita njia akakosa mahali pa kukanyaga.

Wazazi nao hufika na orodha mkononi. Baba huliinua sanduku, hulitikisa na kuligonga kwa kidole ili asikie kama bati ni nene. Mama hufungua na kufunga kifuniko mara tatu nne, akizikagua bawaba na mahali pa kutia kufuli. Bei hupiganiwa mpaka jasho likatoka. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Lakini hebu mwulize mzazi huyo huyo maswali haya. Bweni ambamo sanduku hilo litawekwa lina milango mingapi? Madirisha yake yana vyuma? Usiku, ufunguo wa mlango hukaa na nani? Utaona anakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mwezini.

Ni jambo la kushangaza. Sanduku la mtoto tunalikagua kama askari wa trafiki anavyokagua matatu mbovu, ilhali shule atakamolala kwa miaka mitatu tunaichagua kwa kulisikia jina lake tu.

Makala haya yanamhusu mzazi ambaye mwanawe yuko Gredi ya 8 au ya 9, na kijana mwenyewe anayesubiri kuchagua. Ujumbe wake ni mmoja: shule ya malazi ni nyumba ya pili ya mtoto, na nyumba huendewa ikaonwa kabla ya kuhamiwa.

Usiku ambao mlango haukufunguka

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Mwaka wa 2004, nikiwa na umri wa miaka 14, nilipelekwa katika shule moja ya wasichana iliyokuwa na sifa kubwa. Marehemu baba aliliona jina lake gazetini miongoni mwa shule zilizofanya vyema katika mtihani wa kitaifa, akalizungushia kalamu nyekundu. Hatukuwa tumewahi kufika huko. Siku ya kwanza kuliona lango la shule hiyo ndiyo siku niliyoachwa hapo na sanduku langu.

Usiku mmoja wa muhula wa pili, msichana mmoja alikuwa akisoma kwa mshumaa chini ya kitanda baada ya taa kuzimwa. Usingizi ukamchukua na mshumaa ukaangukia godoro. Tuliamshwa na moshi.

Tulikimbilia mlangoni, tukaukuta umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Mlezi wa bweni alikuwa amelala kwake, na ufunguo alikuwa nao. Madirisha yalikuwa na vyuma ambavyo hata paka angepita kwa shida. Tulipiga mayowe mpaka mlinzi wa usiku akaja na mtaimbo, akaivunja ile kufuli. Moto ulizimwa kwa ndoo za maji tuliyokuwa tumeteka ya kuogea asubuhi.

Hakuna aliyekufa. Asubuhi yake tuliambiwa gwarideni kwamba mambo ya shule hayapelekwi nyumbani. Godoro lililoungua lilitupwa nyuma ya jikoni, na kufuli mpya ikanunuliwa.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya wazazi. Baba alikuja, akaisifu bustani ya maua iliyokuwa mbele ya ofisi, akarudi nyumbani akiwa ameridhika. Bweni hakuliona, na mimi sikumwambia.

Sisi tulikuwa na bahati. Wengine hawakuwa nayo. Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika moto wa bweni kwenye shule ya Bombolulu, Pwani. Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja wa bweni lao ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017, wasichana 10 walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 wadogo walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Baada ya kila msiba huundwa tume na kutolewa maagizo. Lakini mzazi asiyeyajua maagizo hayo atajuaje kama yanafuatwa?

Utepe wa fundi cherehani

Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008. Yaliyomo kuhusu mabweni ni mepesi kueleweka na mzazi yeyote anaweza kuyakagua kwa macho yake.

Mlango wa bweni unatakiwa kuwa na upana wa angalau futi 5 na ufunguke kwa nje, ili watoto wanapousukuma kwa wingi usiwazuie. Kila bweni liwe na mlango katika kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma, nayo yafunguke kwa urahisi. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2, na njia ya kupitia isiwe chini ya mita 2.

Kwa hivyo, unapoenda kuizuru shule, tia mfukoni utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Utepe huo wa kawaida una urefu wa sentimita 150. Ukiutandaza kati ya vitanda viwili ukafika kitanda cha pili na kubaki zaidi ya sentimita 30, jua vitanda vimebanana mno. Ukiunyoosha mlangoni ukafika miimo yote miwili bila kupungua, jua mlango huo haujatimiza futi 5.

Usione haya. Aliyejenga kwa kufuata sheria hataudhika ukipima. Ataudhika yule mwenye jambo la kuficha.

Ukiwa huko, uliza pia usiku milango hufungwa vipi, na ni nani aliye karibu mwenye ufunguo. Tazama kama kuna mitungi ya kuzimia moto na kama tarehe ya kukaguliwa kwake haijapita. Uliza mara ya mwisho wanafunzi walifanya lini zoezi la kutoka bwenini kwa dharura. Mwanafunzi atakujibu kwa ukweli zaidi kuliko naibu wa mwalimu mkuu.

Usiishie bwenini. Nenda vyooni, kwani mwenyeji hukupeleka ukumbini lakini choo ndicho kisemacho kweli. Angalia matangi ya maji na uulize mifereji ikikauka wanafunzi huoga nini. Tazama jikoni. Githeri na ugali kwa sukuma wiki si chakula kibaya hata kidogo, ilmradi kiwe kimeiva, kiwe safi na kitoshe.

Uliza muuguzi yuko wapi, na mtoto akiugua saa nane za usiku hupelekwa hospitali kwa gari lipi. Uliza wanafunzi wageni hupokewa namna gani, kwani mateso ya wageni mikononi mwa wakubwa wao bado hayajaisha katika shule zetu. Na ukimwona mwalimu ameshika kiboko, kumbuka kwamba adhabu ya viboko ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikakazia marufuku hiyo.

Je, ni lazima alale shuleni?

Mapenzi yetu kwa shule za malazi hayakuanza jana. Maseno ilianzishwa na wamishonari mwaka wa 1906. Mang'u ilianzia Kabaa mwaka wa 1925, na shule ya wavulana ya Alliance ikafunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926. Wakati huo shule za upili zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na mtoto aliyetoka mbali hakuwa na budi kulala huko huko. Wengi waliopitia huko ndio waliokuja kuwa mawaziri, majaji na madaktari. Hivyo bweni na mafanikio vikawa kama chanda na pete katika fikira zetu.

Siku hizi mambo yamebadilika na shule za kutwa ni nyingi. Hata hivyo, wazazi wengi wa mjini bado huona kwamba mtoto asiyelala shuleni hajasoma.

Bweni lina faida zake na hakuna anayezikana. Mtoto hupata muda wa kusoma bila kuhangaika na matatu asubuhi na jioni. Hujifunza kufua, kutunza vitu vyake na kuishi na watoto wa makabila mengine. Kwa familia inayobanana katika chumba kimoja, bweni linaweza kumpa kijana taa ya kusomea na meza ambayo nyumbani haipo.

Lakini si kila mtoto atafaidika. Yuko kijana anayehitaji jicho la mzazi kila siku. Yuko mwenye maradhi yanayotaka uangalizi wa karibu. Yuko mpole anayeumia kimyakimya, asiyeweza kujitetea mbele ya wenzake 60 katika chumba kimoja.

Kosa kubwa zaidi ni kumpeleka kijana bweni kama adhabu. Utamsikia mzazi akisema kwamba huyu amekuwa mtundu, wacha akanyooshwe huko. Wengine huwaondoa watoto nyumbani ili wasishuhudie ugomvi wa baba na mama. Mtoto wa namna hiyo huenda shuleni akijua amefukuzwa kwao, na anayejiona amefukuzwa hutafuta ukoo mwingine. Akiupata ukoo huo katika kundi baya, tusimlaumu mwalimu.

Zungumza na mwanao kwanza. Kama sababu ya kumpeleka bweni ni moja ambayo huwezi kumwambia ukimtazama usoni, basi sababu hiyo haifai.

Shule 12 katika karatasi moja

Zamani za KCPE, kuchagua shule kulikuwa kubahatisha majina machache. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, zaidi ya milioni 1.1, walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, wakaingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu Januari 2026.

Katika utaratibu huu mpya, mtoto haanzi kwa shule. Huanza kwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ule ambao wengi huuita STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kisha huchagua mseto wa masomo matatu. Masomo hayo huongezwa juu ya yale ya lazima kwa wote, miongoni mwao Kiingereza, Kiswahili na Hisabati.

Ndipo zinapokuja shule. Kundi la 2025 lilitakiwa kuchagua shule 12. Tisa zilikuwa za malazi, yaani 3 ndani ya kaunti ya nyumbani na 6 nje yake. Tatu zilizosalia zilikuwa za kutwa, karibu na nyumbani. Anayechagua baada yao athibitishe na mwalimu wake kama hesabu hizo zimebaki vile vile.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. La kwanza, si kila shule ina mikondo yote mitatu, wala kila mseto. Shule inaweza kuwa na jina la kutetemesha nchi, kumbe somo analolipenda mwanao halifundishwi huko. La pili, uchaguzi hufanywa kabla ya mtihani, na alama zenyewe hazitoki katika mtihani mmoja. KJSEA huchangia asilimia 60. Tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20. Kwa hivyo, mtoto anapofika Gredi ya 9, asilimia 40 ya alama zake iko kibindoni tayari. Mwulize mwalimu asilimia hiyo inasemaje kabla ya kuzijaza nafasi zote kwa shule za kitaifa.

Dada yangu mkubwa anaishi mtaa wa Umoja. Katikati ya 2025 binti yake alileta nyumbani karatasi ya kuchagua. Shemeji yangu aliijaza kwa dakika kumi. Aliandika STEM, kwa kuwa anataka daktari nyumbani, kisha akaziorodhesha shule tisa zenye majina makubwa, nyingi zikiwa nyanda za juu zenye baridi kali. Zile tatu za kutwa aliziandika bila hata kuzitazama.

Binti alikaa kimya. Nilipobaki naye jikoni tukiosha vyombo, aliniuliza swali moja tu. "Mama mdogo, huko kwenye baridi, usiku nikibanwa na kifua nani atakuwa na dawa yangu?"

Mtoto huyo ana ugonjwa wa pumu tangu akiwa na umri wa miaka minne. Baba yake analijua hilo kuliko mimi, kwani ndiye aliyekuwa akikimbia naye hospitalini usiku. Lakini majina ya shule yalikuwa yamemlevya.

Karatasi ilifutwa. Mwalimu wa darasa alipoitwa alieleza kwamba binti hufanya vyema zaidi katika masomo ya jamii na lugha, na kwamba huko pia kuna kazi za heshima, kuanzia uanasheria hadi ualimu. Shemeji alinuna siku mbili, kisha akakubali.

Jumamosi tatu zilizofuata tulizuru shule tatu, tukiwa tumepiga simu mapema. Ya kwanza lango lake lilikuwa zuri ajabu, lakini tulipoomba kuona bweni tuliambiwa wageni hawaruhusiwi. Tulishukuru tukaondoka. Ya pili tuliruhusiwa kuingia, na kati ya vitanda dada yangu alipita kwa ubavu. Utepe haukuhitajika.

Ya tatu haina jina la kutangazwa redioni. Majengo yake ni ya zamani na rangi inabanduka. Lakini milango ya mabweni ilifunguka kwa nje, madirisha hayakuwa na vyuma, na chumba cha muuguzi kilikuwa hatua chache kutoka bwenini. Binti aliuliza swali lake mwenyewe. Muuguzi alimwonyesha kabati la dawa na kumweleza nani hushika zamu usiku. Aliongeza kwamba dawa ya kuvuta ya mgonjwa wa pumu haifungiwi kabatini, bali mgonjwa hutembea nayo.

Tukiwa njiani kurudi, binti alilala kwenye kiti cha nyuma. Dada yangu alisema hajamwona akilala hivyo tangu karatasi ile iletwe nyumbani.

Karo na yale yasiyotajwa

Wengi huvunjwa moyo na fedha baada ya kujiunga. Fanya hesabu kabla.

Kwa mujibu wa mwongozo wa serikali wa miaka ya karibuni, mzazi wa mwanafunzi aliye katika shule ya kitaifa hulipa Sh53,554 kwa mwaka. Katika shule nyingine nyingi za malazi zilizo nje ya miji mikubwa, kiwango kimekuwa Sh40,535. Kwa miaka mitatu hiyo ni Sh160,662 katika kundi la kwanza na Sh121,605 katika la pili. Serikali nayo imekuwa ikitenga Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma kwa mwaka. Katika shule ya kutwa ya umma mzazi halipi karo ya masomo, ingawa atagharamia chakula cha mchana na sare.

Nusu ya karo ya mwaka hutakiwa muhula wa kwanza. Kwa anayelipa Sh53,554, hiyo ni Sh26,777, wakati ule ule wa kununua godoro, sare, viatu, blanketi, ndoo na sanduku.

Halafu kuna yale yasiyotajwa: ada za maendeleo, sweta yenye nembo isiyopatikana ila kwa muuzaji mmoja, nauli ya kwenda na kurudi kila muhula, na fedha za matumizi. Omba orodha yote kwa maandishi kabla ya kuchagua. Zungumza na mzazi mwenye mtoto Gredi ya 11 au Kidato cha Nne katika shule hiyo. Yeye atakwambia mwaka uliopita alilipa shilingi ngapi hasa.

Mtoto anayetumwa nyumbani kila mwezi kuleta karo hayuko bweni wala hayuko nyumbani. Yuko barabarani. Ni heri shule ya kutwa aliyomo darasani kila siku kuliko shule ya sifa anayoihudhuria nusu muhula.

Kama uwezo ni mdogo na mtoto ana bidii, anza mapema kutafuta basari katika eneo bunge na kaunti yako. Usingoje barua ya kuitwa. Pia fahamu kwamba Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa mwaka wa 1959 kwa ajili ya wavulana maskini, imekuwa na utaratibu wake wa kupokea maombi. Dada yake, Starehe Girls, iliyofunguliwa mwaka wa 2005, imekuwa na wake pia.

Shule za kibinafsi na madalali

Anayetaka shule ya kibinafsi hutuma maombi moja kwa moja. Mara nyingi hulipia fomu, mtoto hufanya mtihani mfupi na mzazi huhojiwa. Hapa pia mambo ni yale yale: nenda ukaone. Uliza kama shule imesajiliwa na kama imeruhusiwa kuwa na mabweni, kwani kibali cha kufundisha mchana hakimaanishi kibali cha kulaza watoto. Uliza ukimwondoa mtoto katikati ya muhula utarudishiwa nini, na jibu liwe kwenye karatasi.

Jihadhari na madalali. Matokeo yanapotoka hujitokeza watu wanaodai kumjua mwalimu mkuu, ambao kwa kitu kidogo watakupatia nafasi katika shule kubwa. Wengi hawamjui hata mlinzi wa langoni. Desemba 2025 wizara iliwafungulia wazazi muda wa kuomba watoto wabadilishiwe shule kupitia mtandao. Njia halali ikiwepo, pita hapo. Karo nayo ilipwe kwenye akaunti ya shule, si kwa simu ya mtu, na risiti zitunzwe.

Mtoto akishaitwa

Barua ikitoka, mfundishe mwanao kufua, kutandika kitanda na kutumia fedha kidogo kwa muda mrefu. Mpe nambari za simu mbili azikariri. Mwambie waziwazi kwamba akiguswa vibaya, akipigwa au akiona mlango wa bweni umefungwa kwa kufuli kutoka nje, hilo si siri ya shule. Atakwambia, nawe utamsadiki.

Siku ya wazazi, usiishie kwenye bustani ya maua. Mwombe akuonyeshe kitanda chake.

Binti wa dada yangu hakuipata shule ya kwanza katika orodha yake. Alipata ile ya tatu tuliyoizuru, yenye rangi inayobanduka, akaifurahia. Wiki ya kwanza ya Januari 2026 tulikwenda wote Kamukunji kutafuta sanduku.

Shemeji aliyagonga mabati kwa kidole, akazikagua bawaba, akabishania bei kama desturi. Kisha alitia mkono mfukoni akatoa utepe wa fundi cherehani, akapima marefu na mapana. Fundi alimwuliza kwa nini anapima sanduku kama suti. Shemeji alimjibu kwamba anataka lile litakaloingia lote chini ya kitanda, lisije likaziba njia ya kwenda mlangoni.